Dawa ya Choo Kwenye Uwanja wa Tisa

Simu ya mdogo wake ilimkuta Sauti kazini, katikati ya kuita wagonjwa.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa mapokezi ya hospitali. Alikaa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu, mbele ya rundo la mafaili na maiki ndogo yenye shingo iliyopinda. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa akiita: namba fulani chumba cha tatu, namba fulani maabara. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, na wapo wagonjwa walioapa kwamba homa ilianza kushuka walipoisikia tu, hata kabla ya kumwona daktari. Jumamosi sauti hiyohiyo ilipanda kwenye kibanda cha matangazo cha uwanja wa mpira. Kwa miaka ishirini na miwili ndiyo iliyowakaribisha mashabiki, ikawasomea kikosi, ikawatajia mfungaji. Ndiyo maana hata benki walimwita Sauti, na jina la kwenye kitambulisho lilibaki la kitambulisho tu.

"Dada, nimeona bora usikie kwangu kabla hujasikia redioni," alisema mdogo wake, ambaye alikuwa katibu wa klabu na mji mzima ulimwita hivyo, Katibu. "Kamati imekaa jana. Tumepata mdhamini."

"Hilo ni jema. Mbona unaongea kama mtu aliyeshikwa ugoni?"

"Mdhamini anataka jina la uwanja. Liwe lake."

Sauti alihamisha simu kwenye sikio la pili. "Nani huyo?"

Katibu alikohoa kwanza. "Ng'arisha Dabo."

Chupa hiyo aliijua kila mtu. Ilikuwa ya kijani, na shingo yake imekunjwa ili ifike chini ya ukingo wa sinki la choo. Hata pale hospitali zilikuwepo mbili, nyuma ya mlango wa pili kutoka alipokaa.

"Dawa ya choo?" aliuliza Sauti, akiwa amesahau kwamba maiki ilikuwa wazi.

Ukumbi wote wa wagonjwa ulisikia. Mzee mmoja mwenye kadi ya namba arobaini na tatu alisimama taratibu, akamuuliza jirani yake hiyo dawa inatolewa chumba kipi.

Watu walicheka. Sauti hakucheka. Alizima maiki, akaweka kiganja juu yake, na kitu kikampanda kooni, kichungu, kama mtu aliyekunywa maziwa akagundua mwishoni kwamba yalikuwa yameharibika.

Uwanja ule uliitwa Uwanja wa Tisa, nao haukuwa umejengwa na serikali wala na tajiri yeyote. Palikuwa machimbo ya mawe. Mawe ya pale yalipokwisha kuwa na faida, wachimbaji waliomba waachiwe shimo, wakalisawazisha kwa siku zao za mapumziko, wakachonga ngazi za kukalia kwenye mwamba wenyewe. Mwaka wa pili wa kazi hiyo ukuta wa kaskazini uliporomoka ukaondoka na watu tisa. Wenzao walimaliza kazi, wakaupa uwanja jina la idadi yao, kwa sababu majina hasa hayakuwepo. Nyapara wa machimbo hakuwahi kujisumbua kuwauliza watu wanaitwaje kwao. Kitabu chake kiliwaandika kwa vijina vya kazini tu: Nyundo, Baruti, Mashoto, Mrefu, Pacha Mkubwa, Pacha Mdogo, Mpishi, Bubu, na Kesho, ambaye kila alipodaiwa chochote alijibu kesho.

Mashoto alikuwa babu yake Sauti. Mama yake Sauti alikuwa na miaka sita siku ukuta ulipoanguka, na sasa alikuwa bibi wa miguu mibovu na masikio mazima. Katika watoto wa wale tisa, ndiye peke yake aliyebaki.

Kila mechi ya kufungua msimu, kabla ya mpira kuanza, Sauti aliyasoma majina yale kutoka kibandani. Kila jina lilipotajwa uwanja mzima uliitika, "Yupo." Lilikuwa jambo la dakika moja. Hata wageni walivua kofia.

Mkutano wa mashabiki ulifanyika Alhamisi kwenye ukumbi wa klabu, chumba kirefu chenye feni tatu ambazo moja tu ndiyo iliyozunguka. Mwenyekiti alisema ana homa, hakuja, kwa hiyo Katibu ndiye aliyesimama mbele kupokea mvua ya mawe. Kando yake alikaa afisa masoko wa kampuni, kijana nadhifu wa viatu virefu mbele kama mitumbwi. Mashabiki walimbatiza Bwana Masoko kabla hajafungua mdomo.

"Jina jipya ni Ng'arisha Dabo Arena," alisema Bwana Masoko. "Ni jina lenye nguvu. Ni chapa ya familia."

"Familia ya nani?" aliuliza Kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa mkabala na lango la uwanja na ndiye aliyeongoza nyimbo za jukwaani. "Mimi nyumbani kwangu hiyo chupa haikai sebuleni na familia. Inakaa kule tunakofunga mlango."

Watu walivunjika mbavu. Bwana Masoko naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichokata cha wengine. Alicheka kama mtu aliyekwisha kuonywa kwamba atataniwa.

Haikuwa kwamba wote walikuwa upande mmoja. Dereva mmoja wa lori alisimama akasema jina halijawahi kufunga goli, na yeye amechoka kukaa chini ya paa linalovuja. Mwanamke mmoja mwenye jezi ya timu alisema, "Jamani, vyoo vya wanawake pale havina maji tangu mwanangu azaliwe, na mwanangu sasa ana ndevu. Kama watu wa dawa ya choo hawatatutengenezea choo, nani atatutengenezea?" Akapigiwa makofi mengi, na alistahili.

Katibu aliyadaka maneno hayo kama kipa. Alieleza paa, alieleza maji, alieleza basi la timu linalosukumwa na wachezaji. Alieleza vizuri. Sauti, aliyekaa safu ya nyuma, alimsikiliza mdogo wake na hakuona uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalinuka.

"Na wale tisa?" aliuliza alipopewa nafasi.

"Hawaguswi, dada," alisema Katibu upesi mno. "Hilo tumelizungumza."

Bwana Masoko alikuwa akiangalia simu yake.

Wiki iliyofuata, siku mbili kabla ya mechi, Bwana Masoko alimfuata Sauti kibandani. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu juu ya jukwaa la magharibi, na ndani mlikuwa na meza, kiti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, amplifaya kuukuu, na dirisha lisilo na kioo lililoangalia kiwanja chote. Sauti alikuwa amekuta mafundi wamekwisha kupaka kuta rangi ya kijani ileile ya chupa. Rangi ilikuwa mbichi. Kiti chake kilikuwa kimepakwa vilevile, pamoja na mpira wa baiskeli.

"Tumekuwekea mazingira ya chapa, mama," alisema Bwana Masoko. Akamkabidhi karatasi tatu zilizobanwa pamoja.

Sauti alisoma akiwa amesimama. Jina la uwanja lilitakiwa kutajwa kamili mara kumi na sita, bila kufupishwa. Goli likifungwa, kabla ya jina la mfungaji aseme, "Hilo limeng'ara dabo." Mchezaji akitolewa nje aseme amesafishwa.

"Amesafishwa," alirudia Sauti.

"Ni utani kidogo. Watu watapenda."

Aligeuza ukurasa. Mahali pa majina tisa paliandikwa: wimbo wa tangazo, dakika moja.

"Hapa pana kosa," alisema. "Hapa ndipo ninaposoma wale tisa."

Bwana Masoko alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya wa kuangalia, na alizungumza kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa kwamba mguu utakatwa. "Mama, nielewe. Bidhaa yetu inaua vijidudu, ndiyo kauli yetu: inaua vyote. Sasa ukisoma majina ya watu waliokufa, halafu mara inakuja inaua vyote, unaona inavyokaa? Makao makuu walisema hapana. Vifo na bidhaa havikai pamoja."

"Bidhaa ndiyo iliyowakuta pale."

"Ndiyo, mama. Lakini mkataba umesainiwa. Mdogo wako anajua."

Sauti alizikunja karatasi, akasukuma mlango uliopakwa rangi. Aliondoka na rangi ya kijani kwenye kiganja, akaisugua kwenye bomba la nje kwa mchanga hadi ngozi ikawa nyekundu, na bado ilibaki kwenye mistari ya mkono.

Jioni ile Katibu alikuja nyumbani kwa mama yao, kama alivyokuja kila Alhamisi na kila Jumamosi. Alimkuta Sauti akimkata mama kucha za miguu. Alisalimia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Ulijua," alisema Sauti bila kuinua kichwa.

"Nilijua Jumatatu. Ukumbini nilikuwa sijaelewa kile kipengele cha mkataba."

"Ulielewa."

Katibu alijipangusa uso. "Dada, msimu mmoja tu. Soma karatasi yao. Mwakani nitalirudisha suala mezani. Tukiwaudhi sasa wataondoka, na wakiondoka klabu inakufa. Unataka kuwasomea tisa kwenye uwanja mtupu?"

"Mnazungumza habari gani?" aliuliza mama.

Kila mmoja alimwachia mwenzake ajibu. Mwishowe Sauti alimweleza. Mama alisikiliza, mguu wake ukiwa bado mapajani mwa binti yake.

"Baba yangu kaondolewa ili pawekwe dawa ya choo," alisema, polepole, kama anayehakikisha amesikia sawa.

"Si hivyo, Mama," alisema Katibu.

"Ni vipi, mwanangu? Nieleze nisiyesoma."

Katibu aliinuka kwenye kochi. Kisha aliaga akisema ana kikao, na chai aliyoandaliwa ikabaki ikipoa kikombeni.

Siku ya mechi uwanja ulinuka kabla haujaonekana. Kampuni ilikuwa imeleta magari mawili yakanyunyizia dawa ngazi zote za mawe, ili mashabiki wapate, kama tangazo lilivyosema, hisia ya usafi. Harufu ilikuwa ya ndimu ambayo haijawahi kuwa ndimu. Watu walikaa wakasimama, macho yakiwachonyota, na nguo za wengine ziliota mabaka meupe matakoni. Juu ya lango, maandishi ya mawe waliyochonga wachimbaji yalikuwa yamefunikwa na ubao wa plastiki wenye picha ya sinki la choo linalotabasamu, lenye meno.

Mashabiki wa timu ngeni walikuwa wamejiandaa. Walikuja na brashi za choo, mamia, wakazipunga kwa pamoja na kuimba, "Tumekuja kujisaidia."  Kinyozi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa jibu, alifuta macho kwa leso, na haikujulikana kama ni dawa au ni kingine.

Kibandani, Sauti alikaa kwenye kiti cha kijani. Bwana Masoko alisimama nyuma yake, karibu na amplifaya, pamoja na fundi mitambo wa kampuni.

"Karibuni," alisema Sauti kwenye maiki, na uwanja ukatulia kama kawaida yake. "Karibuni kwenye Ng'arisha Dabo Arena."

Aliyasikia maneno yakitoka kwenye spika kubwa za pembeni, yakagonga ukuta wa kaskazini, yakamrudia kwa sauti yake mwenyewe. Walizomea, wageni kwa wenyeji. Alihisi ulimi umepakwa kitu. Alimeza mate mara tatu, lakini ladha haikuondoka. Katika safu ya mbele, penye viti vya wazee, alimwona mama yake na khanga yake, mikono mapajani, akingoja.

Akasoma vikosi. Akasoma waamuzi. Akafika kwenye mstari wa wimbo wa tangazo, akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Simameni," alisema. "Nyundo."

"Yupo," uwanja ukaitika, na hata wale wa brashi walishusha mikono.

"Baruti."

"Yupo."

"Mashoto."

"Yupo."

Alihisi maiki ikifa kabla hajasikia. Fundi alikuwa amechomoa waya. Sauti alisema, "Mrefu," na neno likaishia dirishani.

Lililofuata ndilo alilolisimulia kwa miaka mingi, na kila mara aliposimulia alikunja uso. Watu elfu kadhaa walikuwa wamesimama, vinywa wazi, wakingoja jina la nne ili waitike. Walingoja. Wakaangaliana. Miaka yote waliitika yupo, yupo, na hakuna aliyekuwa amejifunza nani anafuata. Kinyozi alipaza sauti, "Mpishi," mwingine akasema, "Mpishi ni wa mwisho," mwingine akasema, "Pacha." Ukazuka mnong'ono, kisha ubishi. Halafu wimbo wa tangazo ukaanza, sauti za watoto zikiimba inaua vyote, inaua vyote, na mwamuzi akaangalia saa yake.

Sauti alisimama. Bwana Masoko alimshika kiwiko, si kwa nguvu. "Mama, usijiharibie."

"Toa mkono," alisema Sauti, naye akautoa.

Alishuka ngazi za kibanda, akapita kati ya watu hadi viti vya wazee. Mama yake alikuwa bado amesimama, ameshikilia chuma cha mbele. Alikuwa akitaja majina. Hakuwa akipaza sauti, wala asingeweza. Aliyataja kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango, na waliomsikia walikuwa watano au sita waliomzunguka. Waliitika. Sauti alisimama kando yake akayarudia kwa sauti tupu, bila spika, na akashangaa ilivyokuwa ndogo. Ilifika safu ya nne. Safu ya nne wakageuka wakaiambia ya tano.

"Mrefu."

"Yupo."

Hivyo ndivyo yalivyopanda, yakipotea na kuokotwa, wimbo wa chupa ukipiga juu yake. Huko juu kabisa, inasemekana, Bubu alifika akiwa Babu, na Kesho hakufika kabisa kwa sababu mpira ulikuwa umeanza. Wengi hawakujua kilichokuwa kikiendelea. Wageni walirudi kupunga brashi zao.

Barua ilikuja Jumanne, hospitalini, ndani ya bahasha ya kijani. Ilimshukuru kwa utumishi wa miaka ishirini na miwili, ikamtakia kila la heri. Iliyoitia sahihi ilikuwa ni kalamu ya mdogo wake. Sauti aliisoma kati ya wagonjwa wawili, akaikunja, akaita anayefuata.

Katibu hakuja Alhamisi ile wala Jumamosi. Alikuja wiki ya tatu, amekonda, akamletea mama dawa za miguu. Mama alimpokea, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza kama amekula. Hakumlaumu kwa neno moja. Lakini alipomaliza kunywa chai alimwambia, "Sasa nitajie wale tisa." Katibu aliwataja sita. Mama akamwambia arudi wiki ijayo, na akarudi, na akawataja saba. Sauti, aliyekuwa jikoni, alisikia yote na hakutoka. Hakuwa tayari kumsamehe, na hakujifanya yuko tayari.

Ubao wa plastiki ulibaki juu ya lango. Paa lilitengenezwa na vyoo vya wanawake vikapata maji. Yule mwanamke wa jezi alisema kweli mkutanoni, na aliendelea kusema hivyo. Kinyozi alichapisha majina tisa kwa mpangilio wake, akayabandika kwenye kioo cha duka, na wateja walisoma wakinyolewa. Wengine walisoma. Wengine waliangalia nywele zao. Redio ilisema Ng'arisha Dabo Arena, na watoto wa shule, ambao hawakuwahi kusikia vingine, walisema Dabo tu, kwa mapenzi, kama vile mtu anavyofupisha jina la rafiki.

Mwezi wa tatu tangu barua ile, Sauti alinunua tiketi kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa na lile sinki lenye meno. Alikaa na mama yake kwenye mawe, na kibandani sauti ya kurekodi, ya mtu asiyejulikana, ilisema karibuni. Alikuwa ameapa kukaa kama jiwe. Dakika ya themanini na nane winga wao, kijana mwembamba wa jezi kubwa, alimpiga chenga beki wa kwanza, akampiga wa pili, akaubetua mpira juu ya kipa.

Sauti alijikuta hewani. Alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua, anapiga kelele mpaka koo linauma, mama yake akipiga chuma kwa fimbo. Spika zikasema hilo limeng'ara dabo, na uwanja mzima, kwa furaha ile, ukarudia. Alisikia kinywa chake kikianza kusema nao. Alikifunga kwa mkono katikati ya neno, akakaa chini, akiwa na furaha na akiichukia furaha hiyo. Alitema mate kati ya viatu vyake, kisha akamuuliza mama zimebaki dakika ngapi.